Utunzaji wa Mashine ya Kupandia Bila Kulima: Tuliyojifunza kwa Gharama Yetu

(Maneno haya yalisomwa na wanachama wawili kwa niaba ya kikundi, siku ya sherehe ya miaka kumi, hapa Moshono. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, kwa faida ya wenzetu ambao hawakuwahi kufika.)



Miaka kumi si mchezo. Vikundi kadhaa tulivyoanza navyo vimebaki jina tu, na vingine hata hilo jina halipo tena. Sisi tupo, sanduku letu lipo, na funguo zake tatu bado ziko mikononi mwa akina mama watatu tofauti, kama tulivyokubaliana siku ya kwanza.

Habari za hisa, mikopo na mfuko wa jamii mtasomewa na Mweka Hazina, maana hiyo ni kazi yake na anaiweza. Sisi tumeombwa tuzungumzie hiki kilicholazwa hapa mbele yenu juu ya turubai. Tunawasikia wengine mmeshaanza kunong'ona: hivi vyuma vimekuja kufanya nini kwenye sherehe? Jamani, subirini kidogo. Vyuma hivi vilikaribia kutuvunja. Na ni hivi hivi vilivyotufundisha jambo ambalo sanduku peke yake halikutufundisha.

MASHINE HIZI ZILITUFIKIAJE

Kilimo cha kuhifadhi udongo si jambo la jana huku kwetu. Mwaka 1989 ulianza mradi wa SCAPA katika Arumeru, ukifundisha kuzuia mmomonyoko na kupanda miti shambani. Wazee waliopo hapa wanaukumbuka. Halafu mwaka 2004 ukaja mradi wa CA-SARD kupitia Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, kwa fedha za Ujerumani, na hapa kaskazini wataalamu wa kituo cha utafiti cha Selian, ambacho siku hizi ni TARI Selian, wakawa wanafanya kazi na wakulima wa Arumeru na Karatu katika mashamba darasa. Ndipo lilipoenea neno kilimo hifadhi. Mafundisho yake ni matatu: usiutifue udongo kuliko inavyolazimu, usiuache uchi, na ubadilishe mazao. Ndiyo maana mnatuona tunapanda ngwara katikati ya mahindi na tunagombana na ng'ombe wetu juu ya mabua.

Sasa ukishaacha kulima, unapandaje? Udongo haujalainishwa, juu yake kuna mabua na majani. Jembe la mkono linafaa kwa eneo dogo, lakini kwa ekari nzima mgongo unalia. Kwa hiyo zikaletwa zana. Kuna ripa ya Magoye, iliyopewa jina la mahali kule Zambia, ambayo hufungwa kwenye mhimili wa plau ya kawaida na kuchana mstari mmoja tu. Na kuna mashine za kupandia zenye asili ya Brazil, ambako wakulima wengi wameacha kulima kwa miaka mingi: moja ya mkono, ambayo wengi wetu tunaiita jabu planta, na nyingine ya kukokotwa na ng'ombe.

Sisi viwanja vyetu vya Moshono mnavijua. Nyumba zimekula mashamba. Aliyebakiwa na robo ekari ya migomba anamshukuru Mungu. Wengi wetu tunakodi mashamba upande wa Mlangarini na kushuka chini zaidi, na kule mvua ya masika haikungoji umalize kutafuta vibarua. Mwaka wa nne wa kikundi tukanunua jabu planta mbili kwa fedha za sanduku. Mwaka wa nane tukaongeza ile ya kukokotwa na ng'ombe, iliyokwisha kutumika. Tulipiga vigelegele, tukapiga picha, tukaziweka stoo. Hakuna aliyeuliza: nani atazitunza?

KILICHOTUPATA

Tunalisema hili mbele ya wageni kwa sababu mwenyewe ameturuhusu, ila jina lake tunaliacha.

Ilikuwa masika ya mwaka wa sita. Mwenzetu mmoja, mjane, alikuwa amekodi ekari moja Mlangarini. Alikopa kwetu fedha za mbegu na mbolea. Akaja stoo kuchukua jabu planta, akakuta haifunguki. Mtu aliyeitumia msimu wa vuli aliirudisha na mbolea ya DAP ndani ya kopo. Stoo ina unyevu, mbolea ile imevuta maji hewani, imekuwa uji, halafu imekauka na kuwa kama saruji. Kisahani cha kugawia mbolea kilikuwa kimeshikana na chuma, na kutu imeota.

Mvua imeshaanza. Afanyeje? Kijana mmoja wa jirani akasema, "Mama, hii ni kazi ya nyundo tu." Akagonga. Kweli, ikafunguka. Lakini bolti ya bawaba ilipinda, na kisahani cha mbegu kikawa kinaishia njiani badala ya kufika mwisho. Wakafunga kwa waya. Mwenzetu na binti yake wakapanda kwa siku mbili na nusu, chomo kwa chomo, wakiamini kila chomo limeacha mbegu.

Siku ya tisa alikwenda kuangalia. Alitembea mstari mzima akihesabu mashimo kumi kumi. Kwa kila kumi, matatu au manne yalikuwa matupu. Akarudishia kwa mkono, lakini mvua ilikuwa imeshatangulia, na mahindi ya kurudishia yaliota chini ya kivuli cha wenzake. Mavuno yalikuwa haba. Rejesho lake likachelewa miezi miwili. Na sisi, akina mama wenzake, tukafungua katiba, tukasoma kifungu, tukamwandikia faini.

Aliilipa. Alipomaliza kuhesabu noti juu ya meza akauliza swali moja tu: "Mimi mmeniandikia kuchelewa. Nani ameiandikia mashine?"

Hakuna aliyejibu. Tukafungua madaftari. Kila shilingi tangu siku ya kwanza imeandikwa: nani kaleta, nani kachukua, nani kachelewa kikao kwa dakika kumi na tano. Lakini mashine iliyonunuliwa kwa shilingi hizo hizo haikuwa na hata mstari mmoja. Hatukujua nani aliirudisha na mbolea. Hatujui mpaka leo. Bibi yetu mmoja, tunayemwita koko kama Waarusha wasemavyo, akasema, "Mali bila daftari hupotea bila habari. Mlikuwa mnadhani mali ni noti peke yake?"

Kikao kile kilikuwa kichungu. Wengine walitaka mashine ziuzwe. Wengine walitaka kujitoa na hisa zao. Mwishowe tulikubaliana mambo mawili. Kwanza, faini ile irudishwe, na hasara ya mbegu na mbolea tuigawane wote. Pili, hakuna mwanachama atakayechukua mashine mpaka amejifunza kuifungua, kuisafisha na kuifunga kwa mikono yake. Faini tuliirudisha. Lakini aibu ya kuiandika hatukuweza kuirudisha, na ndiyo sababu tunaisema leo.

KWA NINI VIUNGO VYAKE VINACHOKA HARAKA

Chukueni kalamu. Mahindi tunapanda kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Kila shimo linachukua mita ya mraba 0.45. Gawanyeni: mnapata karibu mashimo 9,000. Maana yake bawaba ya jabu planta inafunguka na kufunga mara 9,000 kwa ekari moja tu.

Mlango wa nyumba yako ukifunguliwa mara 20 kwa siku, utachukua siku 450 kufika hapo. Mashine hii inafika kwa siku mbili au tatu, tena ikichomwa kwenye ardhi ambayo haijatifuliwa. Na kama shimo moja katika kila kumi halikupata mbegu, ekari hiyo imekosa mashimo 900, yaani mashina 1,800 ya mahindi. Hasara hiyo huioni siku ya kupanda. Inakuja kuonekana baada ya wiki nzima, wakati mbegu imeisha na mvua inakwenda.

Kuna jambo jingine la hapa kwetu. Udongo wetu umetokana na majivu ya Mlima Meru, ambao ulitoa moto mara ya mwisho mwaka 1910. Vumbi lake ni laini machoni lakini lina makali. Likichanganyika na grisi au oili, linakuwa msasa. Ukipaka oili nyingi mahali penye vumbi ukidhani unaisaidia mashine, unaisaga.

JABU PLANTA: MAMBO YA KUANGALIA

Sasa itazameni hii. Ina mikono miwili, makopo mawili, na mdomo chini. Kopo moja la mbegu, moja la mbolea. Mikono ikiwa imeachana, mdomo umefunga. Unachoma ardhini hivyo hivyo, mikono ikiwa imeachana. Ukishachoma, unaikutanisha mikono: mdomo unafunguka, mbegu na mbolea zinaanguka. Halafu, na hapa ndipo wengi tunapokosea, unaitoa ardhini mikono ikiwa bado imekutana. Usiifunge ikiwa ndani ya udongo. Ukiifunga mle, itauma udongo kama mtoto anayeuma kijiko, mdomo utaziba, na wewe utaendelea kuchoma mashimo matupu huku unaimba.

Viungo vinavyocheza ni vitatu: bawaba ya mikono, visahani vya kugawia chini ya makopo, na mdomo wenyewe.

Bawaba. Bolti yake inatakiwa ikaze kiasi cha kutoyumba, lakini mikono ifunguke bila kulazimishwa. Ikilegea, mdomo haukutani sawasawa. Ikikazwa mno, utachoka mabega kabla ya saa nne na bolti italika. Dawa yake ni nati mbili: ya kwanza unaiweka pazuri, ya pili unaikaza juu yake ili kuifunga isitembee. Tone moja la oili nyepesi kwenye bawaba kila asubuhi, kisha ufute kwa kitambaa. Tumesema tone moja, si kijiko.

Visahani. Kisahani cha mbegu kina matundu ya ukubwa mbalimbali, na kuna kibrashi kidogo kinachofuta mbegu za ziada. Humu, jamani, oili na grisi ni marufuku. Oili hushika vumbi na unga wa dawa ya mbegu, na kisahani kinanata. Kama kinakwama, kisafishe, kikaushe, basi. Wenye uwezo hutumia unga mkavu wa grafaiti, ule mweusi wa ndani ya penseli, maana huo hulainisha bila kushika vumbi. Kibrashi kikichakaa, kila chomo litatoa mbegu tatu au nne, na kilo zako za mbegu hazitafika nusu ya shamba.

Mdomo. Funga mdomo, inua mashine juu, tazama mwanga wa jua kwa kupitia ncha. Ukiona mwanga, ncha zimepinda au zimelika, na udongo utaingia. Nyoosha taratibu kwa koleo, au mpelekee fundi kabla ya msimu. Msingoje mvua inyeshe ndipo mkamtafute fundi, maana mtakutana na watu wa mtaa mzima pale karakana.

Kabla ya kwenda shambani fanya jaribio hili. Tandika turubai, weka mbegu kwenye kopo, fungua na kufunga mara 20 juu ya turubai huku ukiangalia kila mara kinachoanguka. Mbegu zote ziwe 40 au karibu na hapo. Lakini jumla peke yake hudanganya: mara tano zikitoka nne nne na mara tano zisitoke kabisa, jumla itapendeza na shamba litakuwa na mapengo. Angalia kila chomo. Dakika tano hizo zingemwokoa mwenzetu.

MBOLEA NDIYE ADUI WA CHUMA

Ukisahau yote tuliyosema, kumbuka hili: usilaze mbolea ndani ya mashine. Hata usiku mmoja. Mbolea ya chumvichumvi huvuta unyevu hewani na kuanza kula chuma wakati wewe umelala.

Jioni, kabla hujaondoka shambani, mimina mbolea yote irudi kwenye mfuko na ufunge mfuko vizuri. Gonga kopo kwa kiganja. Nyumbani, osha upande wa mbolea kwa maji, sugua kwa brashi, fungua na kufunga mara kadhaa maji yakipita, halafu anika juani mpaka ikauke kabisa. Chuma cha nje kifute kwa kitambaa chenye oili kidogo. Upande wa mbegu usiumwagie maji ovyo. Ufute kwa brashi kavu.

Tahadhari moja kwa akina mama wenye watoto. Mbegu za dukani zina dawa, ile rangi nyekundu au kijani unayoiona. Ni sumu. Kopo la mbegu lisianikwe jikoni, maji ya kuoshea yasimwagwe karibu na kisima wala kwenye chakula cha kuku, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto.

MASHINE YA KUKOKOTWA NA NG'OMBE

Hii ina viungo vingi zaidi, kwa hiyo ina njia nyingi zaidi za kukudanganya. Tutaitembeza macho kuanzia mbele kwenda nyuma.

Mbele kuna kisahani cha kukata mabua. Kinatakiwa kizunguke chenyewe kikigusa ardhi. Kizungushe kwa mkono. Ukisikia kinakwaruza au kikiyumba, beringi imekufa au imejaa vumbi. Kisahani kisichozunguka huburuzwa, kinalika upande mmoja, na badala ya kukata mabua kinayasukuma ndani ya mfereji. Mbegu italalia mabua badala ya udongo, na haitaota hata mvua ikiwa nzuri namna gani. Kisahani butu hufanya vivyo hivyo. Pia msiende shambani alfajiri mabua yakiwa na umande. Subirini yakauke, ndipo yanakatika.

Katikati kuna mnyororo, unaochukua mzunguko wa gurudumu na kuupeleka kwenye kisahani cha mbegu. Bonyeza katikati yake kwa kidole gumba: ucheze kiasi cha sentimita moja hadi mbili. Ukilegea zaidi, unaruka meno, na kila ukiruka kuna mahali mbegu haikudondoka. Ukikazwa mno, unakula beringi. Usafishe kwa brashi, upake oili nyepesi, uuzungushe, halafu uufute kwa nje ubaki kama mkavu. Oili inayohitajika ni ile iliyoingia ndani ya viungo. Iliyobaki nje kazi yake ni kukusanya vumbi la Meru.

Kwenye vikombe vya beringi kuna nipo za grisi. Futa nipo kwanza, ndipo upige pampu, la sivyo unasukuma mchanga ndani. Piga mpaka uone grisi mpya ikichungulia pembeni, kisha acha na ufute. Fanya hivyo kila asubuhi ya kazi.

Nyuma kuna gurudumu la kushindilia. Likikusanya tope, haliishindilii mbegu tena, linaibeba. Mwenye kushika mashine awe na kijiti cha kulikwangua kila mwisho wa mstari, na hapo hapo atupe jicho kwenye kopo: je, mbegu imepungua? Mkifika mwisho wa mstari wa pili na kopo bado limejaa vile vile, simameni. Msiwaonee haya ng'ombe.

Kabla ya msimu, inueni mashine juu ya magogo, muweke alama ya chokaa kwenye gurudumu, mlizungushe mara kumi juu ya gunia na kuhesabu mbegu. Rudieni mara tatu. Hesabu zikitofautiana sana, kuna kitu kinateleza. Kitafuteni hapo, mkiwa kivulini.

DAFTARI LA MASHINE

Hayo yote ni ya mikono. Lakini mikono bila utaratibu husahau. Chombo cha watu wengi hufa mapema kuliko cha mtu mmoja, kwa sababu kila mmoja anadhani mwenzake ameshakisafisha. Kwa hiyo tulifungua daftari la mashine, na tunashauri kila kikundi chenye zana ya pamoja kifanye hivyo.

Lina safu sita: tarehe ya kutoka, aliyechukua, ekari alizopanda, tarehe ya kurudi, hali ilivyorudi, na aliyekagua. Mkaguzi asiwe aliyeitumia. Ekari tunaziandika kwa sababu ndizo umri wa mashine. Tukiona jabu planta imemaliza ekari kumi, yaani machomo 90,000 hivi, tunaifungua yote bila kungoja iugue.

Mwanachama analipa shilingi 5,000 kwa ekari. Shilingi 1,000 kati ya hizo inaingia mfuko wa vipuri, na haiguswi kwa kitu kingine, hata kwa msiba. Kwa mfuko huo tunaweka stoo bolti, nati na washa za ziada, kibrashi, kipande cha mnyororo, na kopo la grisi. Tuna spana ya 13 na ya 17, koleo, bisibisi na brashi ya waya, vyote vimetundikwa ukutani na kuandikwa. Ikikatika bolti Jumamosi jioni shambani, Jumapili haitupotei. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tunasema bolti ya shilingi mia chache isiponunuliwa, utanunua mahindi.

Mwisho wa msimu tunakutana nusu siku. Tunafungua kila kitu, tunaosha, tunakausha, tunapaka oili chuma, tunalegeza mnyororo, na kuzitundika mashine juu ya sakafu, mbali na mifuko ya mbolea. Chai inapikwa, maandazi yapo, hadithi zipo. Asiyekuja anatozwa faini, na hii ni faini ambayo hakuna aliyewahi kuilalamikia.

Na yale yanayotushinda tunayapeleka kwa mafundi. Hapa Arusha tuna bahati, karakana zipo, na tuna CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini, ambacho kiliundwa tangu 1981. Zamani tulipokwenda karakana, fundi aliuliza, "Mzee yuko wapi?" Siku hizi tunaingia na bolti mkononi na kusema bawaba inacheza kwa sababu tundu limepanuka, weka bushi. Anatuvutia stuli. Spana haina jinsia, akina mama.

TUNAMALIZIA

Ndugu Mgeni Rasmi, tangu tufungue daftari lile, hatujapata tena shamba lenye mapengo kwa sababu ya mashine. Mapengo ya ukame yapo, ya panya yapo, ya kunguru ndiyo usiseme. Hayo hatuna spana yake. Lakini lile la uzembe wetu wenyewe tumeliziba.

Mwenzetu yule wa Mlangarini ndiye mshika daftari wa mashine hadi leo. Hatukumpa kazi hiyo kumpoza. Aliiomba mwenyewe. Ukirudisha jabu planta anaifunga mdomo, anainua juu, anatazama jua kupitia ncha, halafu anachomeka kidole ndani ya kopo la mbolea na kukiangalia. Kidole kikitoka na unga, unarudi nayo nyumbani kwako ukaoshe, hata uwe mwenyekiti. Na Mama Mwenyekiti wetu, anayecheka pale, anajua tunachosema.

Miaka kumi iliyopita tulianza kwa kuogopa kuibiwa, ndiyo maana tukaweka kufuli tatu. Tumejifunza kwamba mali ya pamoja huibiwa pia na kutu, kidogo kidogo, usiku, na kutu haitafuti ufunguo. Haba na haba hujaza kibaba, hilo tunalijua. Tusisahau kwamba haba na haba pia hukitoboa.

Tukimaliza hapa, kabla ya chakula, kila mgeni anakaribishwa kwenye turubai kuipiga jabu planta mara 20 na kuhesabu mbegu zake. Mtoto wa shule atakayepata 40 bila chomo tupu atapewa soda.

Tunza mashine ikutunze. Akina mama hoyee!